HAYO "MAENEO MACHACHE" NI WAPI HASA?

Leo naomba tuweke kando habari za wachumba na mitindo ya nywele, maana wiki nzima nimekuwa na hasira na maneno mawili tu. Unakaa mbele ya tivii usiku, taarifa ya habari imekwisha, anakuja mtabiri na ramani yake. Sisi watu wa Kanda ya Ziwa anatuchota kwa mkupuo mmoja: Kagera, Geita, Mwanza, Shinyanga, Simiyu na Mara, mawingu kiasi, mvua na ngurumo katika maeneo machache na vipindi vya jua. Basi, keshahamia Kigoma.

Maeneo machache! Yapi hayo? Mimi niko Musoma mjini, shangazi yangu yuko Butiama, mjomba yuko Bunda. Kukicha, Musoma jua linapasua utosi, shangazi anapiga simu kwamba mvua imelaza mahindi yake, na mjomba ukimuuliza anasema kwao ni vumbi tupu. Na hapa kwenda Butiama ni safari ya Hiace tu, hujamaliza hata karanga zako. Sasa sisi watatu, nani yuko kwenye maeneo machache?

Msinielewe vibaya, yule mtabiri simlaumu. Ziwa letu lina ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 68,800, na ziwa kubwa namna hiyo halingoji mvua iletwe, linajipikia lenyewe. Mchana nchi kavu inapata joto upesi kuliko maji, upepo unatoka ziwani kuja kwetu, unakwenda kugongana na hewa ya huko milimani mashariki, na saa za alasiri mawingu yanasimama kama nguzo za kanisa. Usiku mambo yanageuka. Nchi inapoa, upepo unarudi ziwani, na radi zinahamia majini kuwasubiri wavuvi wa dagaa. Ndiyo maana unaweza kulala Mwigobero unaona mwanga wa radi ziwani usiku kucha, na asubuhi nyumbani kwako hakuna hata tone. Mtu aliyekaa Dar es Salaam au hata Mwanza atajuaje wingu limesimama juu ya mbuzi wa nani?

Wewe na mimi tukikosea tunalowa, tunacheka, tunaanika nguo. Lakini yupo mtu mmoja ambaye "maeneo machache" hayamtoshi kabisa, naye ni rubani wa ndege ndogo anayekuja kutua mahali pasipo na mnara, pasipo na ofisi, pasipo na mtu ila mlinzi na baiskeli yake. Huyo mlinzi mimi namfahamu. Ni mjomba wangu, kaka yake mama.

Nilimaliza kidato cha nne mwaka 2018. Matokeo yakatoka, yakaniambia nipumzike kidogo nyumbani! Mama akaona kuliko nizurure Musoma na akina fulani, bora nikamsaidie mjomba, aliyekuwa ameoza jino na kufiwa na mke mwaka mmoja. Mjomba alikuwa analinda kiwanja cha ndege cha udongo upande wa magharibi wa Serengeti, ukitoka Bunda. Jina la kiwanja naliacha, na la kambi ya watalii iliyokitumia pia naliacha, maana watu wana kazi zao na mimi sitaki barua ya mwanasheria.

Nilitegemea kuona uwanja wa ndege. Nilichokuta ni shamba refu lisilo na mahindi. Njia ya udongo yenye urefu kama wa kilomita moja, mawe yaliyopakwa chokaa pembeni, kibanda cha mabati, na nguzo yenye ule mfuko wa kitambaa wa kuonyesha upepo, ambao mjomba aliuita "soksi". Kazi yake ya kwanza ilikuwa kufukuza swala na pundamilia njiani. Ya pili, kufukia mashimo ya ngiri, maana ngiri akichimba shimo njiani usiku, tairi la ndege linalikuta asubuhi. Ya tatu haikuwa kwenye mkataba wake, na hakulipwa hata shilingi kwa ajili yake. Alikuwa ndiye idara nzima ya hali ya hewa.

Kabla ya kuruka kutoka huko watokako, marubani walimpigia simu. Mtandao ulipatikana mahali pamoja tu, juu ya kichuguu, kwa hiyo mjomba alijua ratiba ya ndege na akapanda kichuguu mapema kama muadhini. "Shikamoo Mzee, mawingu vipi huko?" Ndivyo walivyoanza, hata wale Wazungu waliojua Kiswahili cha kuomba chai.

Mimi nilidhani angejibu "kuko safi" na kukata simu. Thubutu! Mjomba hakujua neno "safi." Alijibu kwa utaratibu wake, na aliniambia nisije nikamjibu rubani kwa sifa, nimjibu kwa vitu.

Kwanza upepo, unatoka wapi. Ndege inatua na kuruka ikiukabili upepo, hiyo hata kunguru anajua, mtazame anapotua. Soksi ikilala, upepo hakuna. Ikinyooka kama mkono wa trafiki, upepo umefika kama kilomita 28 kwa saa. Mkia wa soksi unaonyesha upepo unakokwenda, lakini rubani anataka kuambiwa unakotoka, na hapo ndipo watu wengi wanachanganya. Mjomba hakupenda kusema kaskazini au magharibi, alisema "unatoka ziwani" au "unatoka mbugani," na marubani wote walimwelewa.

Kuna rubani mmoja kijana alinichorea kwa kijiti kwenye mchanga kwa nini wanahangaika hivyo. Tuseme ndege yake inagusa chini ikiwa na kasi ya kilomita 120 kwa saa. Akija upepo ukiwa mgongoni, hata wa kilomita 12 tu ambao hauwezi kukupeperusha khanga, anagusa chini kwa 132, na umbali wa kusimama unaongezeka kwa zaidi ya sehemu moja ya tano. Kwenye viwanja virefu vya lami hiyo ni habari ndogo. Kwenye njia ya udongo yenye ng'ombe mwishoni, hiyo ni habari ya ng'ombe.

Pili ni kuona mbali. Hapa mjomba alinifurahisha. Alikuwa amepanda pikipiki ya jirani siku moja na kupima kwa mita yake: mkuyu wa mtoni kilomita mbili, paa la bati la shule kilomita tano, halafu mlima Balili kule juu ya Bunda mjini, huo ndio mwisho wa dunia yake. "Mkuyu naona, bati naona, Balili sioni." Rubani akisikia hivyo ameshajua ukungu au mvua iko umbali gani. Baadaye sana nilikuja kujua kwamba wapimaji wa kweli wa hali ya hewa nao hufanya vivyo hivyo, wana orodha ya vilima na majengo ambayo umbali wake unajulikana. Mjomba hakufundishwa na mtu.

Tatu, mawingu yako wapi: yameinuka au yamekaa kilimani. Nne, njia ni kavu au inateleza, na hii aliijibu kwa kisigino. Alikanyaga, akizama hadi kwenye shingo ya kandambili, alimwambia rubani asije.

Kitu kimoja hakuweza kukitoa, nacho ni mgandamizo wa hewa. Kipima urefu cha ndege nyingi kinapima hewa, na hewa inabadilika kila saa, kwa hiyo lazima kirekebishwe kwa namba ya mahali unapokwenda. Ukikosea hektopaskali moja, kipimo kinakudanganya kwa kama mita 8 au 9. Hiyo walichukua ya Mwanza wakaombea iwe inafanana. Mwanza na Bunda, kwa mstari wa ndege, ni zaidi ya kilomita 100.

Utaniuliza, na Musoma je? Musoma mjini tuna kiwanja chenye jina la kimataifa, herufi zake ni HTMU, na tunacho kituo cha hali ya hewa chenye watu waliosomea, siyo wa kichuguu. Ukipita kwenye vituo vya namna hiyo utaona kile kisanduku cheupe chenye kuta za mbao kama dirisha la chooni, kimesimama kwa miguu minne. Ndani mna vipimajoto, vimewekwa kivulini ili jua lisivichome vikadanganya. Kuna kipima mvua, kuna kipima upepo chenye vikombe vinavyozunguka. Watu wanasoma na kuandika kwa saa zilizopangwa, na taarifa inakwenda kwenye Mamlaka ya Hali ya Hewa, inakwenda duniani kote. Mimi nasema hao ni watu wanaostahili kununuliwa soda. Lakini kituo cha Musoma kinaeleza anga ya Musoma. Hakijui ngiri wa mjomba, na hakikuahidi kuwajua.

Sasa nikueleze siku yenyewe.

Ilikuwa Aprili 2019, masika yamekolea. Ndege ilikuwa inakuja saa tisa na nusu alasiri kuchukua wageni wanne kuwapeleka Mwanza. Kambini kulikuwa na kijana mpishi, mtoto wa hapo kijijini, tangu usiku uliopita tumbo linamkata upande wa kulia chini. Mganga wa zahanati akasema hii ni kidole tumbo, anatakiwa kupasuliwa, tena upesi. Meneja wa kambi, Mungu ambariki, akampigia rubani, rubani akasema nafasi ipo, mleteni. Wakamleta kwenye Land Cruiser, amelazwa kwenye godoro nyuma, na mama yake amekaa naye anampepea kwa upande wa khanga.

Saa tisa mjomba alipanda kichuguu akasema: upepo unatoka ziwani, soksi nusu, mkuyu naona, bati naona, Balili naona, njia kavu. Lakini kuna wingu limesimama upande wa mbugani, chini yake ni jeusi. Rubani akasema anakuja.

Kambi ilikuwa imemwachia mjomba redio ndogo ya mkononi ya kuongea na ndege ikishakaribia. Betri yake ilikuwa na roho ya paka, ikifa inafufuka. Saa tisa na dakika ishirini tukaisikia ndege kabla ya kuiona. Jua lilikuwa linawaka! Nasema hivyo kwa sababu yaliyofuata ukisimuliwa tu utadhani kulikuwa na giza.

Kwanza soksi ililala. Ikawa kama imechoka, ikaning'inia. Mjomba akaacha kuzungumza na mimi. Halafu ikapepesuka, ikazunguka nguzo, na mkia wake ukaelekea ziwani. Upepo ulikuwa umegeuka mzima mzima, sasa unatoka mbugani, wa baridi, una harufu ya udongo uliolowa. Mvua yenyewe ilikuwa bado mbali, hata tone halijaanguka. Hewa nzito ya baridi ndiyo iliyokuwa imemwagika kutoka chini ya lile wingu, inakimbia chini chini mbele ya mvua, na mwisho wa njia upande wa mashariki tukaona ukuta wa vumbi unakuja.

Rubani alikuwa anakuja kutokea mbugani, akijua upepo unatoka ziwani na atakutana nao uso kwa uso. Sasa ungemsukuma mgongoni.

Mjomba akainua redio. Meneja akamwambia, "Mzee, mwambie aje tu, ni vumbi la dakika mbili hili." Mmoja wa wageni akawa anaonyesha saa yake, ana ndege nyingine ya kuwahi Mwanza. Yule mama akashuka kwenye gari. Hakupiga kelele. Alimshika mjomba mkono ule wenye redio akasema, "Baba, sema kuko safi. Nakuomba. Jua si linawaka?"

Msomaji, mimi nilikuwa binti wa miaka kumi na minane, na kusema kweli moyo wangu ulikuwa upande wa yule mama. Ningekuwa na redio mimi, sijui.

Mjomba akasema hivi, nayakumbuka kama kanda: "Upepo umegeuka sasa hivi, unatoka mbugani, soksi imenyooka yote. Mkuyu naona. Bati sioni. Vumbi liko njiani." Akaachia kitufe. Hakusema usije. Hakusema njoo. Alisema vitu.

Ndege ikapita juu yetu ikiwa bado juu, ikainua pua, ikageuka kuelekea ziwani. Ikazunguka huko kama robo saa, tunaisikia, halafu rubani akasema mafuta yake hayamruhusu kungoja zaidi, anarudi Mwanza. Wakati huo mvua ilikuwa imetufikia na mawe yake, tumejibana kibandani wageni na wenyeji, na yule mama amejifunika godoro na mwanawe ndani ya gari.

Wakaondoka kwa barabara. Kwa tope lile walichukua saa nyingi, wakaingia Bunda usiku. Kijana akapasuliwa usiku huohuo, akapona. Lakini mama yake alikaa miezi bila kumsalimia mjomba, na kijijini maneno yakaenea kwamba mzee fulani alifukuza ndege mgonjwa akiwa mahututi. Wengine wakasema alikuwa hajapewa chochote ndiyo maana. Dukani wakimwona walinyamaza. Na mjomba hakuwa na namna ya kujitetea, kwa sababu ndege ambayo haikuanguka haina ushahidi. Huwezi kumwonyesha mtu mabaki yake.

Novemba 6, 2022 ilipotokea ile ajali ya Bukoba, ndege ya Precision Air yenye watu 43 ikaangukia ziwani karibu kabisa na kiwanja wakati hali ya hewa ni mbaya, watu 19 wakafariki, nilimpigia simu mjomba. Sababu za ajali ni kazi ya wachunguzi, siyo yangu wala yake, na yeye alikataa kuzungumza chochote juu ya rubani. Aliuliza tu waliookolewa ni wangapi. Nikamwambia 24, na kwamba wavuvi ndio waliofika mwanzo na mitumbwi. Akasema, "Wavuvi wanalijua lile ziwa," akanyamaza.

Nchi za wenzetu, Marekani kwa mfano, viwanja vingi visivyo na mnara vina mashine inayopima upepo, joto, mgandamizo na urefu wa mawingu, halafu sauti ya mashine inasoma yote hayo kwenye redio saa ishirini na nne. Hata ukipiga simu inakusomea. Nasi kwetu mitambo inayojipima yenyewe imeanza kuenea, na kule Mwanza ipo rada ya hali ya hewa. Mimi nataka tuwe nayo mingi zaidi, kila kiwanja kilichoachiwa swala kipate ya kwake, na mlinzi wa kuzuia watu wasing'oe sola. Lakini nimeambiwa na hao hao wanaojua kwamba kile kipima mawingu kinatazama juu ya kichwa chake tu. Wingu lililosimama mbugani umbali wa kilomita kumi hakina habari nalo mpaka lifike. Mjomba aliliona saa tisa.

Na zile programu za kwenye simu zenye kijua na kiwingu ndiyo usiseme. Rafiki yangu aliahirisha kitchen party kwa ajili ya kiwingu! Ile ni hesabu ya kompyuta kwa eneo pana, nayo inakadiria, hakuna mtu aliyetazama juu. Siku ya kitchen party jua liliwaka mpaka jioni.

Mjomba kastaafu, yuko Bunda mjini, chini ya Balili yake. Kazi ile kapewa kijana mwenye simu kubwa, na nasikia soksi ya zamani ilichanwa na nyani, ikawekwa mpya ya rangi ya machungwa. Marubani wawili bado wanampigia mjomba sikukuu.

Desemba iliyopita yule mpishi kaoa, nasi tulialikwa. Mama yake alikuwa anapakua wali mwenyewe. Alipofika kwa mjomba akamjazia sahani, nyama juu, akasimama na upawa mkononi.

"Mzee wa mawingu," akasema, meza nzima inasikia, "leo unaruhusu?"

Mjomba akageuza shingo taratibu, akatazama kwanza upande wa ziwa, halafu upande wa mbugani.

"Ziwani hakuna kitu," akasema. "Lakini lile turubai la mashariki lifungeni kamba."

Vijana wakaenda kulifunga.